Sanduku la Sayansi la Madarasa ya Kati: Vifaa Nunua, Kadi Weka Kando

Nianze na hukumu, maana walimu hatuna muda wa kuzungushwa. Sanduku hili linafaa kununuliwa. Likifika, toa kadi za maelekezo zilizolazwa juu kabisa, zifungie kabatini, kisha ufundishe kwa vile vilivyobaki.

Nazungumzia yale masanduku makubwa ya plastiki yenye vifaa vya fizikia na kemia ya mwanzo, yanayotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Ninayotumia mimi yamepita mikononi mwa madarasa kadhaa. Yameangushwa, yamemwagiwa maji, yamefungwa vibaya yakafunguliwa kwa nguvu. Jina la mtengenezaji naliacha, kwa kuwa masanduku ya aina hii yanafanana mno: kinachobadilika ni rangi ya kifuniko na lebo. Ukiwa na la kampuni nyingine, karibu yote nitakayosema utayakuta humo.

Ukifungua unakutana na sponji nyeusi iliyochongwa matundu, kila kifaa na tundu lake. Kuna betri na vishikizo vyake, balbu ndogo za volti 2.5, nyaya zenye vibanio vya meno, swichi, ammita ya kupima mkondo, voltimita ya kupima volti, na rezista tatu za kuzuia mkondo. Kuna sumaku mbili, dira ndogo nne, mizani ya springi, springi za kuning'iniza, na michemraba minne ya ukubwa mmoja: aluminiamu, chuma, shaba na mbao. Halafu silinda ya kupimia ya mililita 100, bika mbili, vipimajoto viwili, lenzi mbili, puto chache, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Vinatosha kundi la wanafunzi wanne. Ukiweka wanane, wanne watafanya kazi na wanne watapiga soga.

Vifaa vyenyewe ni vya kuridhisha, na hiyo mizani ya kidijitali ni zaidi ya kuridhisha. Kinachoniudhi ni kadi.

Kila kadi inaanza na maneno yale yale: "Kuthibitisha kwamba." Kuthibitisha kwamba mkondo wa umeme ni sawa kila mahali katika saketi mfuatano. Kuthibitisha kwamba tungamo halibadiliki wakati wa mmenyuko wa kikemia. Mtoto akishausoma mstari huo, jaribio limekwisha kabla ya kuanza. Jibu linalotakiwa analijua, na atalipata tu, hata kifaa kikikataa. Nimesahihisha madaftari yenye matokeo yaliyonyooka kuliko ammita yenyewe inavyoweza kusoma, na aliyeandika hakuona ubaya wowote. Kwake yeye, kuthibitisha ndiko huko.

Mtoto wa umri huu haji darasani akiwa mtupu. Ana fizikia yake tayari, na kaijenga mwenyewe kwa miaka yote aliyoishi. Kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Umeme huingia kwenye balbu ukatumika ukaisha. Sweta hutoa joto. Sukari ikiyeyuka ndani ya maji, uzito wake umepotea. Mawazo hayo yamemtumikia vizuri, kwa hiyo hayang'oki kwa kuambiwa. Atakujibu unavyotaka kwenye mtihani, na akitoka nje ya mlango anarudi kwenye yale yale. Kinachosaidia ni abashiri kwanza, aandike ubashiri wake mbele ya wenzake, halafu kifaa kimkatalie. Ndiyo maana sanduku lolote nalipima kwa jambo moja: je, lina kifaa chenye usahihi wa kutosha kumkatalia mtoto aliyekosea? Sanduku hili linavyo vingi, ila kadi zake zinafanya kila liwezekanalo ili mtoto asipate nafasi ya kukosea.

Tuanze na umeme, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya nisilirudishe.

Chukua betri moja, balbu moja na waya mmoja. Ondoa kishikizo cha balbu, ondoa na cha betri. Waambie wawashe. Basi, usiseme zaidi.

Kishikizo ni kizuri baadaye, lakini mwanzoni kinamnyang'anya mtoto swali lenyewe. Balbu ina sehemu mbili za kugusia: ncha ya chini, na ule ukosi wa chuma wenye hesi ubavuni. Ndani uzi mwembamba umeshikwa miguu miwili, mguu mmoja umeungwa kwenye ncha, mwingine kwenye ukosi. Kishikizo kinaficha yote hayo, na mtoto anabaki na picha kwamba balbu ni kitu chenye tundu moja la kuingizia umeme. Ukimpa balbu tupu, picha hiyo inaonekana mara moja mikononi mwake: anaweka waya kutoka ncha moja ya betri hadi chini ya balbu, anasubiri. Hakuna kitu. Anageuza betri. Hakuna kitu. Mwenzake anaunganisha waya kutoka ncha moja ya betri moja kwa moja hadi nyingine, balbu ikiwa imekaa juu, na baada ya sekunde chache unasikia, "Mwalimu, waya unachoma!" Hapo mwambie auachie upesi, lakini usimkemee. Amegundua saketi fupi, na somo zima la usalama wa umeme liko kwenye kidole chake.

Kisha kuna yule mmoja, mara nyingi si yule anayeongoza darasa, anayeinamisha balbu hadi ukosi wake unagusa waya huku ncha ikigusa betri. Inawaka. Meza nzima inamgeukia. Kuanzia hapo nikisema umeme unahitaji njia kamili ya kwenda na kurudi, nawatajia jambo wanalolijua.

Kama unadhani ni mchezo wa watoto, wahitimu wa MIT, chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia cha Marekani, waliwahi kupewa swali hili hili mbele ya kamera, wakiwa bado na majoho ya mahafali, na baadhi yao wakashindwa kuiwasha. Walikuwa na hesabu zote za saketi kichwani. Kadi ya sandukuni inafanya nini na lulu hii? Inachora saketi iliyokamilika na kumwagiza mtoto aunganishe kama mchoro unavyoonesha.

Jaribio linalofuata ni la ammita, na hapa mtengenezaji anastahili sifa. Ammita ina vipimo viwili, cha ampea 0.6 na cha ampea 3, na kile kidogo kimegawanywa kwa mistari ya ampea 0.02. Hiyo inatosha. Waulize: mkondo kabla ya balbu na mkondo baada ya balbu, upi mkubwa? Wengi watasema wa kabla, kwa kuwa balbu "imekula" umeme. Wachache watasema ni sawa, na ukiwauliza kwa nini watasema walisikia. Ammita ikisoma karibu 0.28 pande zote mbili, wale wa kwanza hawakubali kirahisi. Watasema sindano ni nzito, au ammita ni mbovu. Vizuri kabisa! Unganisha makundi mawili ili uwe na ammita mbili kwenye saketi moja, moja kila upande wa balbu, kisha zibadilishane nafasi. Zikisoma sawa hata baada ya kubadilishwa, hoja ya ammita mbovu imekufa, na imeuawa na wao wenyewe. Kinachopungua njiani ni nishati, ambayo balbu inaitoa kwa mwanga na joto. Chaji zenyewe zinaendelea kuzunguka. Sentensi hiyo wataielewa sasa kwa sababu wanaihitaji.

Ila usiwape ile kadi ya sheria ya Ohm, isemayo kwamba mkondo hupanda sawia na volti. Georg Ohm alichapisha kazi yake mwaka 1827, na kadi inamtaka mtoto aithibitishe kwa kupima volti na mkondo wa balbu, achore grafu, apate mstari mnyoofu. Hataupata. Uzi wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, na ukipata moto wa kung'aa ukinzani unapanda mara nyingi zaidi, kwa hiyo grafu inapinda. Mtoto mwaminifu atachora mstari uliopinda na kudhani kaharibu. Mjanja ataunyoosha kwa rula. Rezista ya omu 10 iko mle mle sandukuni, na inatoa mstari mnyoofu wa kupendeza: volti 1.5 unapata karibu ampea 0.15, volti 3 karibu ampea 0.3. Pima rezista kwanza, halafu balbu, na uache darasa ligombane juu ya kile kinachopinda.

Lipo jambo moja kwenye umeme la kukasirisha. Balbu huungua, hilo la kawaida. Lakini pakiti za akiba siku hizi zinakuja na vitaa vya LED badala ya balbu za uzi, na muuzaji anakwambia ni maendeleo. Kwa taa ya sebuleni, sawa. Kwa somo hili ni janga. LED nyekundu inahitaji karibu volti 2 kabla ya kuwaka, kwa hiyo betri moja ya volti 1.5 haitoshi, na hata ukiweka betri mbili, ikiunganishwa kinyume haiwaki kabisa. Mtoto aliyefikiri sawasawa na kuunganisha sawasawa anaambiwa na kifaa kwamba amekosea. Isitoshe, ukiiunga moja kwa moja kwenye betri nyingi bila rezista inakufa. Hifadhi balbu za uzi kama dhahabu.

Michemraba minne ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na ndipo pia palipo na kichekesho kikubwa. Kila mmoja una sentimita 2 kila upande, yaani sentimita za ujazo 8. Ule wa aluminiamu una karibu gramu 22, wa chuma 63, wa shaba 72. Mtoto akiushika wa aluminiamu mkono mmoja na wa shaba mkono wa pili, macho yanamwambia ni sawa na mikono inakataa. Hapo densiti, yaani tungamo kwa kila ujazo, inakuwa jambo la kuulizwa, na hesabu inafuata yenyewe: 2.7 kwa aluminiamu, karibu 7.9 kwa chuma, karibu 9 kwa shaba, gramu kwa kila sentimita ya ujazo.

Swali bora la kubashiri hapa ni la maji. Ukizamisha wa aluminiamu maji yanapanda kiasi fulani. Je, ukizamisha wa shaba yatapanda zaidi, pungufu, au sawa? Wengi husema zaidi, maana ni mzito. Kadi inakwambia uzamishe ndani ya silinda ya kupimia. Haya, zamisha. Mchemraba wa sentimita 2 una mshazari wa karibu sentimita 2.8, na mdomo wa silinda iliyomo sandukuni una upana wa sentimita 2.6. Hauingii. Hauingii kwa upande wowote, na watoto watajaribu kila upande. Aliyechora kadi na aliyenunua silinda bila shaka hawajawahi kuonana. Dawa yake ni chombo chochote chenye kuta wima na mdomo mpana, karatasi ya mistari ya milimita ikibandikwa ubavuni. Usahihi unapungua, lakini swali ni kama maji yanafika mahali pamoja au la, na kwa hilo karatasi inatosha.

Mizani ya springi inafanya kazi, springi zake hazijalegea, na mwanafunzi anaweza kuchora grafu ya uzito dhidi ya ongezeko la urefu akapata ule uwiano ambao Robert Hooke aliuchapisha mwaka 1678. Waonye tu wasivute kupita mwisho. Malalamiko yangu yako usoni mwa kifaa: upande mmoja umeandikwa nyutoni, upande wa pili gramu. Umri huu ndio tunaojaribu kumtenganishia mtoto tungamo na uzito, kiasi cha maada na kani ya kuvutwa, halafu kifaa kinamwambia ni kitu kimoja chenye majina mawili. Juu ya mwezi, ambako mvutano ni karibu moja ya sita ya huu wa hapa, upande wa nyutoni ungesema kweli na upande wa gramu ungedanganya. Mimi nimeubandika karatasi upande wa gramu. Wakishaelewa, naubandua na kuwauliza ni nani kati ya wale wawili anayesema uongo, na wapi.

Sasa puto. Hapa nikae kidogo.

Jaribio hili liko karibu kila sanduku la aina hii. Siki inamiminwa ndani ya chupa, bikaboneti ya soda inatiwa ndani ya puto, puto linavishwa mdomoni mwa chupa bila kumwaga. Unapima vyote pamoja. Unainua puto, unga unaanguka, povu linapanda, puto linavimba kwa kaboni dayoksaidi. Unapima tena. Kadi inasema: tungamo halijabadilika.

Mizani inasema limepungua, kwa gramu moja na ushei.

Watoto wanasema gesi imevuja. Kadi nayo, upande wa nyuma, inashauri ukaze puto vizuri na kurudia. Unakaza, unafunga kwa mpira, na bado limepungua. Mizani ni nzuri, kumbuka, inasoma sehemu ya kumi ya gramu. Hapa imekuwa nzuri kuliko kadi. Kinachotokea ni kwamba puto lililovimba limechukua nafasi iliyokuwa na hewa, na hewa hulisukuma juu, kama maji yanavyokisukuma juu kitu kilichozama. Lita moja ya hewa ina karibu gramu 1.2. Gramu 5 za bikaboneti zinaweza kutoa karibu lita 1.4 za gesi, kwa hiyo mizani inaweza kupungukiwa hadi gramu 1.7 bila hata chembe moja kutoka. Gesi nyingine inabaki imeyeyuka ndani ya kimiminika, kwa hiyo kwa kawaida upungufu ni mdogo kuliko huo, ila huwezi kukosa kuuona.

Fikiria basi darasa linaloambiwa na kadi kwamba tungamo linahifadhiwa, likaona kwa macho yake kwamba halihifadhiwi, kisha mwalimu akalazimika kulituliza kwa kusema "kuna makosa madogo ya vipimo." Ndivyo tunavyowafundisha kwamba sayansi ni kukariri kile ambacho kifaa kinakanusha.

Fanya hivi. Tafuta chupa ngumu ya plastiki ya nusu lita, ile ya vinywaji vyenye gesi, yenye kifuniko cha hesi. Weka siki kidogo chini. Funga gramu 1 ya bikaboneti, usizidishe, ndani ya kipande cha karatasi laini, itumbukize, kaza kifuniko upesi kabla karatasi haijalowa, na upime. Gesi itakayotoka haifiki theluthi ya lita, na chupa iliyotengenezwa kwa vinywaji vya gesi inaistahimili. Miwani ya usalama ivaliwe hata hivyo, na nyuso zikae mbali na kifuniko. Mmenyuko ukiisha, pima: namba ni ile ile. Chupa haijavimba, kwa hiyo hewa ya nje haina cha kusukuma zaidi. Kisha legeza kifuniko taratibu. Usikie gesi ikitoka, na uangalie tarakimu: zinashuka kwa sehemu chache za kumi za gramu, na kila aliyekuwa akisema gesi haina uzito ananyamaza. Darasa likiwa na vichwa vikali, rudi kwenye puto baada ya hapo na uwaachie fumbo lake wakaumie nalo. Mwaka huu kundi moja lilipiga hesabu ya ujazo wa puto kwa kulizamisha kwenye ndoo.

Joto nitalipitia haraka. Vipimajoto ni vya kimiminika chekundu, wala havina zebaki, jambo jema. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umelenga pamoja na mengine kuondoa vipimajoto vya zebaki. Lakini viwili ndani ya bika moja ya maji na barafu vinaweza kupishana kwa nyuzi moja au mbili. Anza kila muhula kwa kuvitia vyote kwenye barafu inayoyeyuka, na kila kimoja kiandikiwe marekebisho yake kwenye kipande cha gundi-karatasi. Baada ya hapo jaribio la barafu ni zuri sana: inapashwa joto, inapashwa, na kipimajoto kimeganda pale pale kwenye sifuri hadi kipande cha mwisho kiishe. "Joto linakwenda wapi?" Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunachukua joto ambalo lingeweza kuyapandisha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kuhusu kuchemka, kadi inasema nyuzi 100 bila kuongeza neno. Ukifundisha mahali pa mwinuko, maji yako yatachemka chini ya hapo, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300, na watoto watadhani kipimajoto kimeharibika.

Lenzi ni safi. Zitoe karibu na dirisha, waache wapate taswira ya dirisha iliyopinduka juu ya karatasi, na hutahitaji kadi.

Sumaku nazo zina nguvu ya kutosha, ila kuna ujinga mmoja wa mpangilio: tundu la dira limechongwa ubavu kwa ubavu na tundu la sumaku. Dira ndogo ikilala wiki nyingi kando ya sumaku inaweza kugeuzwa ncha, kaskazini ikawa kusini. Unafungua sanduku kufundisha ugunduzi wa mwanafizikia wa Denmark, Ørsted, wa mwaka 1820, ule wa sindano ya dira kuyumba karibu na waya wenye umeme, na dira mbili zinatazama huku, mbili kule. Zinatibika kwa kuzisugua na sumaku yenye nguvu kwa mwelekeo mmoja. Ni rahisi zaidi kuzihamishia kwenye kikopo chao peke yao tangu siku ya kwanza.

Kuhusu uimara: bawaba za kifuniko ni dhaifu, sponji inabomoka pembeni, vibanio vya nyaya hulegea na kukatika kwenye shingo. Nyaya naziunga upya mwenyewe. Mizani ya kidijitali haipendi kulemewa kupita kiwango chake, na watoto wanapenda kuibonyeza kwa kiganja kuona itasema nini. Iweke kwenye meza yako na uitoe inapohitajika. Betri zitolewe kwenye vishikizo kila jioni, la sivyo zitavuja na kula chuma.

Nimeulizwa kama haya yote hayafanyiki bure kwenye kompyuta. Kuna PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobeli ya fizikia mwaka uliotangulia. Maigizo yake ya kompyuta ni ya bure na ni mazuri. Lile la saketi linaonesha chaji zikizunguka bila kupungua, jambo ambalo sanduku haliwezi kulionesha hata likae karne. Nalitumia, lakini baada ya ammita. Kwenye kioo, kila kitu kinatii. Mtoto aliyeanzia huko hashangai chochote, kwa sababu anaamini kompyuta imepangwa iseme hivyo, na kwa kweli imepangwa. Aliyegombana kwanza na sindano ya ammita analitazama igizo lile kwa macho mengine: anatafuta maelezo ya kitu alichokiona.

Kwa mwalimu mwenye darasa dogo na kabati lenye kufuli, masanduku machache kati ya haya yatafanya kazi miaka mingi. Mwenye darasa kubwa ningemshauri anunue pungufu na atumie fedha inayobaki kuongeza betri, balbu na nyaya, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyofika mikononi mwa kila mtoto. Anayefundisha kutoka kwenye kadi, mstari kwa mstari, abaki na ubao na chaki tu. Atapata matokeo yale yale kwa gharama ndogo. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama balbu za akiba ni za uzi au za LED. Akikujibu kwamba ni kitu kile kile, tafuta mwingine.